Mwana wa Nusukaputi

Mtaani kwetu Magogoni palikuwa na madaktari wengi kuliko hospitali ya kisiwani, na hakuna hata mmoja aliyesomea. Aliyewapita wote ni mzee mmoja aliyestaafu kazi ya udobi hospitalini. Kwa miaka ishirini na kitu alifua mashuka ya wagonjwa na makoti ya madaktari, akayapiga pasi na kuyapanga, na siku alipostaafu akarudi mtaani na elimu yote iliyosahauliwa kwenye mifuko ya makoti yale. Watu walimpelekea watoto wenye homa, wakamwachia sukari na majani ya chai kwa shukrani. Mimi pia nilimpelekea wangu, kwa hiyo nikimcheka mtu katika habari hii, naanza na nafsi yangu.

Wangu alikuwa binti, mtoto wangu wa kwanza, aliyezaliwa katikati ya miaka ya themanini na mdomo sungura. Mdomo wa juu ulipasuka hadi puani, na ndani kaakaa lilikuwa limeachana, hata maziwa aliyonyonya yakimtokea puani. Mkunga alimfunika uso kabla ya kunikabidhi, kama mtu anayeficha sahani aliyoivunja. Mavyaa yangu, mama mzazi wa mume wangu, akamfunua, akamtazama kitambo, akaniuliza nilipokuwa na mimba nilimwangalia sungura gani. Nilimjibu kwamba Magogoni hakuna sungura. Tangu siku hiyo hatukupendana tena, na kusema kweli hatukuwa tumependana sana kabla.

Nilimlisha kwa kijiko, tone kwa tone, nimemkalisha wima. Alipotimiza miezi minne tukaambiwa tumpeleke hospitali ashonwe mdomo. Kabla ya kisu angetiwa dawa ya kumlaza asihisi kitu, ile ambayo kwetu huitwa nusukaputi. Mlangoni mwa thieta, chumba cha upasuaji, nilimuuliza daktari swali moja tu. Utosi wa mwanangu ulikuwa bado unapwita, ukiuwekea kidole unauhisi. Je, dawa kali kama ile haitamdhuru ubongo ambao bado haujakomaa? Daktari hakuinua macho kwenye karatasi yake.

"Hakuna athari yoyote, mama. Atalala, ataamka. Tia sahihi hapa."

Nikatia sahihi. Alivyosema kwa uhakika, ungedhani alikuwa ameingia ndani ya vichwa vya watoto wote aliowalaza, akatembea humo na kurudi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, na koti jeupe lilinitisha kuliko kisu.

Mdomo ulishonwa vizuri. Alipofikisha mwaka na miezi michache alirudishwa kushonwa kaakaa, ikawa nusukaputi ya pili. Kidonda kikaachia, akarudishwa tena kabla hajatimiza miaka miwili, ikawa ya tatu. Ya tatu ilikuwa ndefu. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri, na walipomtoa alikuwa akitapika na kulia. Nilipomwinamia alinitazama kama anavyotazamwa mpita njia, kisha akamgeukia muuguzi na kumnyooshea mikono. Halikuzidi robo saa jambo lile. Baadaye akanijua, akaning'ang'ania shingo, akalala. Lakini nilikuwa nimeshaingiwa na hofu, na hofu ile ndiyo niliyoitumia kufanya upumbavu wangu wote uliofuata.

Daktari yule yule alisema kaakaa limeshika, ila limebaki tundu dogo, ukubwa wa punje ya choroko. Akaeleza kwamba tundu hilo lizibwe akiwa na miaka minne, kabla ulimi wake haujazoea kupitishia maneno puani. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi, na mimi nilimsikia vizuri. Nalisema hili mapema asije mtu akanitetea.

Nilichopaswa kufanya ni kuinyamazia ile robo saa. Badala yake nikamsimulia mzee dobi. Nilimkuta barazani kwake, akanisikiliza huku amefumba macho, akitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akiingoja habari ile kwa miaka.

"Mwanangu," akaniambia, "dawa ile haitoki mwilini. Mimi nimefua mashuka ya thieta. Wafua mara ya kwanza, harufu ipo. Wafua mara ya pili, harufu ipo. Watia na jiki ya kung'arishia, bado ipo. Na shuka ni uzi tu. Ubongo wa mwana mchanga je?"

Basi hiyo ndiyo ilikuwa hoja yenyewe, shuka. Hapakuwa na kitabu wala mgonjwa aliyechunguzwa. Watu waliokuwa barazani wakasema la ilaha, wakashika tama, na kabla ya jua kuchwa mtaa mzima ulijua kwamba mwanangu ana nusukaputi tatu kichwani ambazo hazijatoka. Nami nilishika tama pamoja nao.

Toka hapo mtoto hakuachiwa kufanya kosa la kawaida. Akimwaga uji, nusukaputi. Akivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia, nusukaputi. Wifi yangu alikuwa na mwana wa umri uleule, hajapata kuchomwa hata sindano ya surua, na alikuwa akivaa viatu kinyume hadi alipoanza shule. Huyo walisema amefuata kwa wajomba zake. Wangu wakampa na jina kabisa, mwana wa nusukaputi, na walimwita hivyo kwa upole na huruma, jambo lililonikera kuliko matusi.

Kisha ikaja habari ya kuitika. Kwetu mtoto wa kike akiitwa na mkubwa huitika "abee", na asipoitika, anayeaibika ni mama yake. Wangu alikuwa na miaka mitatu na kitu. Ukimwita naye amekutazama, anaitika abee yake ya puani, na anakuja mbio. Ukimwita akiwa uani amekupa kisogo, hajibu ng'o. Mavyaa alikuwa akimwita kutoka jikoni mara tatu, mara nne, kisha anamfuata na kumshika sikio.

"Mwana huyu yuwasahau," akasema. "Asubuhi namfunza abee, adhuhuri ishatoka. Miye wanangu sita, hapana aliyefunzwa abee mara mbili. Ni hiyo dawa yenu."

Tulikuwa watu wazima watano katika nyumba ile. Tulikuwa na macho kumi. Kila siku tulimwona akiitika akiwa ametuelekea uso na asiitike akiwa ametupa kisogo, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyejiuliza ni usahaulifu wa aina gani huo unaokaa mgongoni.

Alipotimiza miaka minne ikafika kadi ya hospitali yenye siku ya kwenda kuzibwa tundu. Mavyaa akaitisha kikao. Mzee dobi alialikwa, akaja amevaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama wima, maana hilo kwa kweli alilijua. Mume wangu alitoka zamu kiwandani Changamwe, akavua viatu, akakaa karibu na mlango, na mchango wake wote ulikuwa neno moja: "Mtakavyoona." Alikuwa mtu mwema. Sijapata kumwona mtu aliyeweza kuwa mwema kwa kazi ndogo kiasi kile.

"Hiyo itakuwa ya nne," akasema mzee dobi. "Ya tatu alimsahau mama yake robo saa. Ya nne, wallahi, hatamjua kamwe."

Robo saa ile niliyomsimulia mwenyewe ndiyo aliyoirudisha mbele ya watu kama ushahidi wake. Nilijua kwamba daktari alisema miaka minne. Nilijua sababu aliyoitoa. Lakini nikamwona tena mwanangu akimnyooshea muuguzi mikono, na nikasema haendi. Nataka lieleweke: si mavyaa aliyekataa, wala si dobi. Kadi ilikuwa mkononi mwangu. Wao walitoa maoni, kazi yao ya kila siku, na mimi ndiye niliyeamua.

Mwaka uliofuata akaanza chuo. Mwalimu wetu wa Kurani alikuwa na ua mpana nyuma ya msikiti, uliotandikwa mikeka safu kwa safu, na alikuwa na utaratibu alioukuta kwa mwalimu wake, naye kwa wake. Yeye husoma, watoto hufuatisha kwa sauti moja. Wanaoshika haraka hukaa mkeka wa mbele, karibu na goti lake. Anayesahau husogezwa nyuma mkeka mmoja, ili aone haya na kujitahidi. Mwanangu alianza mkeka wa mbele kwa heshima ya babu yake, mmoja wa wazee wa msikiti ule. Baada ya mwezi alikuwa mkeka wa tatu. Ramadhani ilipoingia alikuwa mlangoni, penye viatu, ambapo mtu mzima mwenye masikio mazuri angesikia zaidi kuku wa jirani kuliko aya.

"Mwana ni mtiifu," mwalimu aliniambia, "lakini halikai kitu kichwani. Namsikitikia." Hakuwa na ubaya, maskini. Alikuwa na utaratibu tu.

Nyumbani wakanitazama kwa ushindi. Si tulikwambia? Hapana aliyegundua kwamba hoja yao ilikuwa imejila mkia: kama dawa ilikuwa imekwisha mharibu, kumkatalia ya nne kulikuwa kunalinda kitu gani? Na kama kulikuwa na kitu cha kulindwa, basi hakuwa ameharibika. Mimi nililigundua hilo baada ya miaka mingi, nikiosha vyombo, nikavunja gilasi.

Mavyaa akaamua kombe. Kwa asiyejua, kombe ni aya zinazoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, na mgonjwa akanywa. Sikejeli aya, Mungu aniepushe. Namkejeli yule aliyemshika mtoto kidevu kila Ijumaa asubuhi na kummiminia, nami nikiwa nimeshika kikombe. Maana mtoto alikuwa na tundu kaakaani. Nusu ya kombe ilishuka kooni na nusu ikatoka puani, ya manjano, ikamchafua gauni. Mavyaa alikuwa akipiga kelele kwamba dawa inamwagika. Tundu lile lile tuliloogopa kuliziba ndilo lililokuwa likimwaga kinywaji cha kutibu woga wetu, na sisi tukailaumu sahani, tukaibadilisha.

Akaingia shule na miaka sita, akarudia darasa la kwanza. La pili akarudia pia. Alikuwa mrefu kuliko wenzake wote, anakaa nyuma na kimya chake, na ilikuwa imeshakubalika na kila mtu, pamoja na mimi, kwamba ataolewa mapema na mtu mvumilivu.

Mwaka wa kurudia darasa la pili alifundishwa na mwalimu wa kike kutoka bara. Siku alipoletwa shuleni nilimsikia akisema "kitabu yangu", nikamdharau papo hapo. Sisi wa pwani tuna ugonjwa huo. Mtu akikosea ngeli mbele yetu, hatusikii tena anachosema. Angetuambia nyumba inaungua, tungemsahihisha kwanza. Aliponiita shuleni nilikwenda nimejitanda buibui langu jipya, tayari kumsikiliza kwa pua.

"Mama, nimechunguza huyu mtoto," akasema. "Kile naandika ubaoni, anashika. Mwezi umeisha na bado anakumbuka, hata kushinda wale wa kwanza. Imla anapata sifuri. Kila siku sifuri."

"Ana shida ya kukumbuka," nikamwambia. "Alitiwa nusukaputi mara tatu utotoni."

"Sasa mbona ya ubaoni anakumbuka?"

Akamwita mwanangu, akamgeuza aelekee ukuta, akapiga rula mezani kwa nguvu, mimi nikaruka. Mtoto hakutikisika. Kisha akamgeuza amtazame, akafungua mdomo bila kutoa sauti hata kidogo, kama anasema "keti". Mwanangu akaketi. Akafanya tena, "simama", akasimama. Alikuwa akitabasamu, akidhani ni mchezo.

"Anasoma midomo, mama. Kichwa iko sawa. Masikio ndio mabovu."

Nilitoka pale bila kuaga vizuri. Nilipofika nyumbani kwa njia ya mzunguko nilimkuta ametangulia, amekaa uani juu ya kibao, anachambua mchele kwenye ungo. Nikachukua kifuniko cha sufuria na mwiko wa chuma, nikasimama nyuma yake, hatua tatu, nikagonga kwa nguvu zangu zote. Kuku wakatawanyika. Jirani akauliza kutoka upande wa pili kuna nini. Mwanangu akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa, akaendelea.

Nilikaa chini pale pale, mavumbini. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena, na nimepata kuaibika mara nyingi. Miaka tisa. Kushikwa sikio uani, mkeka wa mlangoni, zafarani puani, mwana wa nusukaputi. Na mimi, mama yake, niliyelala naye kitanda kimoja miaka minne, sikujua kama ananisikia.

Hospitalini safari hii tulimkuta daktari mwingine, mwanamke. Alimtazama masikio kwa kitaa chake, akasema yote mawili yamejaa ute nyuma ya kiwambo cha sikio, mzito kama gundi. Watoto waliozaliwa na kaakaa lililopasuka, akaeleza, wengi wao hupatwa na jambo hilo, kwa sababu misuli inayofungua mrija wa sikio ndiyo hiyo hiyo ya kaakaa. Likitibiwa mapema husikia vizuri tu. Akaniuliza hakuna aliyetuambia? Nilimkumbuka yule wa kwanza aliyeniambia hakuna athari yoyote. Alijua habari ya tundu na hakutaja sikio. Kwa hiyo usidhani dharau yangu yote naimwaga Magogoni. Kisiwani nako nimewawekea akiba.

"Tutatoboa kiwambo tutoe ute, na tutaziba tundu papo hapo," akasema. "Atahitaji nusukaputi."

Nikamuuliza swali langu la zamani, lile la ubongo wa mtoto. Yeye aliinua macho.

"Hii ya leo, kwa umri wake, na kwa muda mfupi, sidhani itamdhuru. Zile tatu za uchangani, mama, kama zilimpunguzia kitu au la, sijui. Sidhani kuna ajuaye."

Sijui. Katika miaka tisa, kati ya mabingwa wote waliokaa barazani na waliokaa hospitalini, huyo alikuwa wa kwanza kulitamka neno hilo, na ndiye niliyempa mwanangu bila kutetemeka. Mzee dobi alipopata habari alikuja mlangoni kwangu na kanzu yake kunionya. Nilimwambia, "Mzee wangu, rudi kafue." Ilikuwa kashfa. Mavyaa alininunia siku nyingi, zikawa siku za raha.

Aliporudi nyumbani baada ya upasuaji, mwanangu aliogopa kila kitu. Mvua juu ya mabati ilimfanya aingie uvunguni. Alisimama mbele ya jiko la mafuta ya taa akiuliza kwa vidole ni nini kinacholia mle ndani, nami nikatambua kwamba tangu azaliwe hakuwa amesikia jiko likivuma. Chuoni alianza kusogea mbele, mkeka baada ya mkeka. Katika muda usiofika mwaka alihifadhi juzuu ya amma yote, tena kwa mpangilio ambao mwalimu alisema hajauona kwa mtoto. Mavyaa alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba kombe limefanya kazi. Limechelewa tu, akasema, kwa sababu nusu ilikuwa ikimwagika.

Miaka ya karibuni nasikia kwamba wataalamu wenyewe wameanza kuulizana swali lile nililouliza mlangoni mwa thieta. Wanasema wanyama wachanga waliolazwa kwa dawa hizo kwa saa nyingi walionekana kupungukiwa katika kujifunza. Kwa watoto, wanasema, mara moja na kwa muda mfupi hawaoni dhara. Lakini mara nyingi na kwa muda mrefu, kabla ya miaka mitatu, bado wanabishana. Nilipoyasikia hayo nilicheka hadi nikakohoa. Daktari wa kwanza alikuwa na uhakika kwamba hakuna kitu, dobi alikuwa na uhakika kwamba kuna kitu. Mmoja alipata uhakika wake kwa kulivaa koti jeupe, mwingine kwa kulifua. Huenda mwanangu angekuwa na akili zaidi ya aliyo nayo. Sitajua, na nimeacha kujiuliza, kwa sababu aliyo nayo ilitosha. Kitu kilichomharibikia nakijua.

Tundu lilizibwa, lakini ulimi ulikuwa umeshajifunza. Miaka yote ile ulipitisha maneno puani na kuyakaba kooni, na kuziba tundu hakukuufunza njia nyingine. Daktari yule mwanamke alimpa mazoezi, ya kupuliza mishumaa na kunyonya maji kwa mrija, nasi tukayafanya kwa bidii ya watu wenye hatia. Hayakusaidia sana. Alisema kuna watu wanaofundisha watoto kusema, lakini wako Nairobi, na Nairobi kwetu wakati ule ilikuwa sawa na Ulaya. "Angeletwa akiwa na miaka minne," akaanza, kisha akanitazama na kuiacha sentensi. Nimeimalizia mwenyewe mara nyingi. Niliogopa atapoteza kumbukumbu, na kumbukumbu haikuwa na ugonjwa wowote. Katika kuilinda nikamnyima sauti ya kuitolea.

Alipokuwa na miaka kumi na minne, chuo kilikuwa na maulidi yake ya kila mwaka, alasiri, wanawake wakikaa uani chini ya turubai. Kila mwaka mwalimu huchagua msichana mmoja asome kasida ndefu peke yake mbele ya watu, na mwaka ule hapakuwa na aliyeijua kama mwanangu. Aliijua yote tangu mwanzo hadi mwisho, alikuwa akiwafunza wadogo. Siku chache kabla, mwalimu alikuja kwangu mwenyewe, akakaa, akakataa chai.

"Kuhifadhi kwake, mashallah, sina la kusema," akaniambia. "Lakini watu watakuwa wengi, na sauti yake... wewe wajua, mwanangu. Sitaki wamcheke."

Akamchagua binti wa jirani, mwenye sauti kama ya kinanda na kichwa kizito. Wangu akakalishwa nyuma yake, karibu kabisa, amkumbushe akikwama. Siku ilipofika, yule binti akakwama ubeti wa tatu. Mwanangu akainama, akamnong'oneza sikioni, naye akaendelea. Akakwama tena katikati, na tena karibu na mwisho, na kila mara wangu alikuwa tayari na neno kabla mwenzake hajageuka. Watu hawakuona. Walisikia sauti nzuri tu, wakapiga vigelegele, wakamrushia yule binti marashi na maua ya asumini, na mavyaa aliyekaa ubavuni mwangu akafuta machozi kwa ncha ya leso.

"Yuwajua kuhifadhi, mwana wa watu," akasema.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na binti yangu tukitangulia, wanawake wa mtaa nyuma yetu wakiisifu kasida. Nilimuuliza kama alitaka kusoma yeye. Niliuliza kwa sauti ndogo, na alinisikia vizuri. Aliitikia kwa kichwa tu, kwa sababu wale wanawake walikuwa karibu, na mwanangu hasemi mbele ya watu.